Sura ya Sita: Ganda Lililooshwa

Bunduki ikilia, vitu vitatu kati ya vinne vinavyounda risasi moja havirudi. Kichwa kimekwenda kilikotumwa. Baruti imegeuka gesi na moshi. Fataki, kile kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako, imegongwa na haina kazi tena. Kinachobaki ni ganda la shaba njano, lingali moto, linadundadunda kwenye sakafu ya zege ya uwanja wa shabaha. Katika risasi nyingi za bunduki ya kuwindia ganda hilo ndilo sehemu ghali kuliko zote, na ndilo pekee linaloweza kutumika tena.

Nchini Marekani jambo hilo limezaa biashara kamili. Sheria ya shirikisho ya huko haimdai leseni mtu anayejitengenezea risasi za kutumia mwenyewe. Anayetengeneza za kuuza ndiye anayetakiwa kuwa nayo. (Kwetu Afrika Mashariki risasi ni jambo la leseni mwanzo hadi mwisho, na msomaji asiichukue sura hii kuwa ruhusa ya chochote.) Kwa hiyo, kutoka Montana hadi Georgia, utakuta gereji ambamo pembeni ya gari kuna meza nzito, juu ya meza kuna mashine ya mkono iliyofungwa kwa bolti, na chini yake kuna ndoo za maganda. Wenye meza hizo ni wawindaji, washindani wa shabaha, wastaafu wenye muda, na watu waliochoshwa na bei ya dukani. Wanajaza upya maganda yaleyale mara nyingi kadiri yanavyostahimili.

Kinachowachosha si kujaza. Kujaza ndiyo raha yenyewe. Kinachochosha ni yale yanayotangulia. Maganda yaliyookotwa lazima yachambuliwe kwa aina, na yale ya alumini na ya chuma yatupwe. Fataki zilizopasuka zisukumwe nje moja moja. Maganda yaoshwe katika pipa linalozunguka, lenye maji, sabuni na vijiti vyembamba vya chuma kisichoshika kutu, kisha yakaushwe. Ya bunduki yapakwe mafuta na kushindiliwa ndani ya kalibu ili yarudi kwenye kipimo, maana yametanuka. Kila kupigwa na kushindiliwa huyarefusha, kwa hiyo hupimwa na kukatwa: ganda la .223 Remington halitakiwi kuzidi milimita 44.70. Baada ya kukatwa, ukingo wa mdomo huparuzwa ndani na nje ili usikwaruze kichwa kipya. Halafu mafuta yafutwe. Zidisha yote hayo kwa maganda 1,000, na jioni za wiki nzima zimekwisha kabla hujagusa baruti.

Ndipo alipoingia muuzaji wa maganda yaliyokwisha tayarishwa. Yeye ana mashine zenye mota, ananunua kwa uzito kutoka kwenye viwanja vya shabaha na minada ya mali chakavu ya jeshi, na anauza kwa idadi. Maganda 1,000 ya .223 yana uzito wa kilo sita hivi, na kwa kuwa hayana baruti wala fataki, posta huyabeba kama mzigo mwingine wowote, bila ile ada ya vitu vya hatari inayoongezwa kwenye fataki na baruti. Muuzaji huyasukumia ndani ya lile sanduku la posta lenye bei moja bila kujali uzito, na mbeba mizigo wa posta hulaani kimoyomoyo. Mnunuzi akifungua, anakuta mng'ao kama wa vikombe vya ubingwa. Swali la sura hii ni nini hasa amekilipia, na nini kimepotea njiani ganda lilipokuwa linang'arishwa.

Shaba njano ya maganda ni shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30. Uwiano huo haukuchaguliwa kwa ajili ya rangi. Baruti inapowaka, shinikizo ndani ya chemba ya bunduki hupanda ghafla. Ganda hutanuka, hubana kuta za chemba na kuziba gesi isimrudie mpigaji usoni. Shinikizo likishuka, ganda hunywea kidogo, huachia kuta, na bunduki hulitema. Ni metali chache zinazojua kutanuka na kunywea hivyo kwa gharama inayovumilika. Chuma hufanya kazi hiyo pia, na risasi za maganda ya chuma kutoka Urusi ziliuzwa kwa wingi Marekani hadi vikwazo vya mwaka 2021 vilipobana uagizaji wake, lakini chuma hakinywei vizuri kama shaba, na wajazaji wengi hawakigusi.

Kila kutanuka huligharimu ganda. Shaba njano inayokunjwa au kushindiliwa ikiwa baridi huzidi kuwa ngumu, na ikishakuwa ngumu hupasuka. Shingo ndiyo hutangulia. Dawa yake ni moto: shingo na mabega hupashwa kwa muda mfupi hadi yalainike, huku kitako kikilindwa kibaki baridi na kigumu, kwa sababu kitako kilicholainika hakiwezi kuzuia shinikizo, na hapo anayeumia ni mtu. Kiwandani ganda hupashwa hivyo kabla ya kujazwa, na moto huo huacha doa la rangi ya samawati na hudhurungi shingoni. Kampuni nyingi za kiraia hulifuta doa hilo kwa kuwa wateja hudhani ni uchafu. Jeshi la Marekani huliacha, ili mkaguzi aone kwa macho yake kwamba shingo imepashwa. Lapua wa Finland nao huliacha, na wapenzi wa shabaha ya mbali wameshazoea kulitafuta.

Jinsi shaba ngumu inavyoweza kusaliti, Waingereza walijifunzia India. Katika karne ya 19 jeshi lao huko lilihifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi kipindi cha masika. Mvua zilipokatika, maganda yalikutwa na nyufa ilhali hakuna hata moja lililokuwa limepigwa. Tatizo liliandamana nao miaka mingi. Mwaka 1921, Moore, Beckinsale na Mallinson walieleza sababu: amonia iliyofuka kutoka kwenye mkojo wa farasi, ikikutana na unyevu na ule mkazo uliojificha ndani ya shaba iliyoshindiliwa baridi, huipasua kutoka ndani. Kwa hiyo mjazaji mwenye uzoefu hamruhusu mtu yeyote kung'arisha maganda kwa dawa ya shaba yenye amonia, ile inayotumika kwenye vitasa vya milango. Ganda litapendeza kweli. Litapasuka baadaye.

Kuna bahati moja ya kihistoria iliyoifanya biashara hii iwezekane, na ina kejeli yake. Mwaka 1866 watu wawili walibuni, kila mmoja kwa upande wake, namna ya kuwasha risasi kwa fataki ya katikati ya kitako. Edward Boxer alikuwa ofisa wa mizinga wa Uingereza. Hiram Berdan alikuwa Mmarekani, aliyeongoza walenga shabaha wa upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Fataki inahitaji kitu kigumu cha kugongwa dhidi yake, kama fuawe. Boxer alikiweka kifuawe hicho ndani ya fataki yenyewe, kwa hiyo ganda lake lina tundu moja tu la moto, katikati. Berdan alikifanya sehemu ya ganda, na matundu mawili madogo pembeni yake. Kiwandani mpango wa Berdan ni nafuu. Lakini la Boxer unapitisha pini moja kwa moja kutoka mdomoni, fataki iliyokufa inatoka, na ganda liko tayari kwa nyingine. La Berdan linakataa pini. Marekani ikaishia kutumia fataki ya Mwingereza, na majeshi mengi ya Ulaya yakachukua ya Mmarekani. Lau ingekuwa kinyume, zile gereji zingekuwa na magari tu. Na mpaka leo, ganda la Berdan lililojipenyeza ndani ya mzigo huvunja pini ya mtu asiyechungulia.

Chanzo kikubwa cha maganda ya .223 na ndugu yake wa kijeshi, 5.56, ni risasi za kiwanda cha Lake City, mjini Independence, jimbo la Missouri. Remington walikijenga mwaka 1941. Ni mali ya jeshi, lakini huendeshwa na wakandarasi, na tangu 2020 mkandarasi ni Olin Winchester. Ganda lake hutambulika kitakoni: herufi LC, tarakimu mbili za mwaka, na mara nyingi duara lenye msalaba ndani, alama ya NATO. Ni ganda zuri, nene pale linapotakiwa kuwa nene. Kasoro yake ni moja. Jeshi halitaki fataki ichomoke katikati ya mapigano na kuangukia ndani ya mashine ya bunduki, kwa hiyo ukingo wa shimo la fataki hubanwa kiwandani. Ile ya zamani ikitolewa, ule mbano unabaki, na fataki mpya haiingii, au inaingia imepinda. Lazima mbano huo usukumwe kwa chuma au ukwanguliwe. Niulizwe ni kazi gani moja inayostahili kulipiwa katika matayarisho yote, nitasema hii. Inaumiza kiganja, haina starehe, na ikifanywa nusunusu humsumbua mjazaji kwa kila ganda.

Sasa turudi kwenye ule mng'ao. Ganda chafu lililookotwa leo linasema mengi. Masizi shingoni yanaonyesha kama liliziba gesi vizuri. Doa la moto linaonyesha kama shingo imewahi kupashwa. Mikwaruzo ya mtemeo inaonyesha aina ya bunduki. Rangi ya mbano kwenye shimo la fataki inaonyesha kama hii ni mara yake ya kwanza kupigwa. Pipa la maji na vijiti huyafuta haya karibu yote kwa saa chache. Kalibu hufuta mengine: hata ganda lililotanuka kupita kiasi hutoka na umbo la ganda jipya, ingawa ukuta wake ndani umekuwa mwembamba. Anayenunua ganda lililotayarishwa analipia kuondolewa kwa kazi, na papo hapo analipia kuondolewa kwa ushahidi. Hakuna ulaghai hapo. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Lakini ina maana kwamba neno la muuzaji linabeba uzito ambao macho ya mnunuzi hayawezi tena kuubeba.

Neno linaloongoza kwenye matangazo ni "yamepigwa mara moja". Kwa ganda la Lake City lililotoka kwa jeshi hilo huaminika, kwa kuwa jeshi halijazi upya. Kwa ganda lililofagiwa kwenye uwanja wa raia, ni makisio tu: aliyelipiga juzi anaweza kuwa alilijaza mara nne kabla hajachoka kuliinamia. Na hata mara moja si sawa na mara moja. Ganda lililopigwa na bunduki rashasha limetanukia chemba pana, iliyochongwa kwa makusudi hivyo ili ifanye kazi ikiwa na vumbi na moto. Kulirudisha kwenye kipimo ni kulishindilia kwa nguvu zaidi, na pale juu kidogo ya kitako, ambapo ukuta hukutana na sakafu ya ganda, shaba huvutika. Ikivutika mara za kutosha, ganda hukatika vipande viwili ndani ya chemba. Wajazaji huogopa maganda ya 7.62 yaliyopitia rashasha kuliko mengine yote, na wana haki.

Kuna pia suala la mchanganyiko, na hapa soko linafanana na balo la mitumba: lililochambuliwa lina bei yake, na lisilochambuliwa ni bahati yako. Maganda yenye mihuri tofauti kitakoni hayana ujazo sawa ndani. Ganda la kijeshi la 7.62 kwa kawaida ni nene kuliko la .308 la kiraia, ingawa kwa nje huwezi kuyatofautisha. Kiasi kilekile cha baruti kikiwekwa kwenye nafasi ndogo, shinikizo hupanda. Kwa hiyo mzigo wa muhuri mmoja ni jambo la usalama kabla haujawa jambo la shabaha. Kwenye bastola ya .45 kuna kero ya aina nyingine. Kwa miongo mingi ganda lake lilitumia fataki kubwa, kisha baadhi ya viwanda vikaanza kutoa yenye shimo la fataki ndogo. Likichanganyika moja tu, mashine ya mwendo wa haraka hujaribu kusindilia fataki kubwa kwenye shimo dogo. Wajazaji waliozoea hulaani viwanda hivyo kwa sauti.

Mzigo ukifika, basi, usimwagwe moja kwa moja ndani ya mashine. Sumaku hupitishwa juu yake, inase chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Yanachukuliwa machache kutoka chini, katikati na juu ya mfuko, na kupimwa kwa vernia. Waya mwembamba uliokunjwa ncha huingizwa mdomoni na kukokotwa ukutani kwenda kitakoni. Ncha ikikwama kwenye mfereji pale juu ya sakafu, ganda hilo ni la kutupa, na ikikwama kwa mengi, mzigo wote ni wa kurudisha. Tundu la moto huchunguliwa dhidi ya mwanga, maana vile vijiti vya kuoshea vina tabia ya kukwama humo viwili viwili. Midomo hukaguliwa kama imebonyea safarini, na mara nyingi imebonyea. Ndiyo maana wazoefu hupitisha shingo kwenye kalibu yao wenyewe hata kama tangazo limesema hakuna haja. Kuna sababu nyingine ya kufanya hivyo. Muuzaji, asiyejua bunduki yako, hushindilia ganda hadi liingie kwenye chemba ya kila mtu. Likiwa fupi mno mabegani kwa chemba yako, litavutika zaidi kila upigapo.

Kuosha kuna faida moja ambayo siibishii hata kidogo. Fataki nyingi huwashwa kwa mchanganyiko wenye madini ya risasi, na mabaki yake hukaa ndani ya ganda kama unga. Anayesafisha kwa pipa kavu la chenga za mahindi, kisha akapepeta ndani ya nyumba, huujaza unga huo hewani, na watoto ndio huathirika zaidi. Maji huubana. Kama nyumba ina watoto na haina kibanda cha nje, kulipa mtu mwingine aoshe si uvivu.

Shaba ya maganda haijawahi kukosa mwenye kuitaka. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani na sarafu hazifiki kutoka kwao, walitengeneza fedha Tabora kwa mashine za karakana ya reli. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke ikawa sarafu za rupia 15 zenye tembo; vipande vya heller 20 na vya heller 5 vikatokana na shaba chakavu, maganda ya mizinga yakiwemo. Kwa serikali yenye njaa ya metali, ganda ni uzito tu. Kwa mjazaji ni umbo: ganda zima huuzwa kwa bei inayozidi sana ile ya shaba iliyomo ndani yake, na ukilikanyaga likabonyea, tofauti hiyo yote imekufa.

Tofauti hiyo ilizua kelele Machi 2009. Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ambayo kwa miaka ilikuwa ikiuza maganda ya jeshi yakiwa mazima, iliagiza yaharibiwe kwanza ndipo yauzwe kama chakavu. Kampuni moja ya Georgia iliyojaza maganda hayo na kuyauza ilitangaza kwamba imekatiwa riziki. Wajazaji, ambao tayari walikuwa wanahangaikia uhaba wa risasi, waliijaza Washington kwa barua na simu. Maseneta wawili wa Montana, Max Baucus na Jon Tester, wote wa chama cha rais, walidai agizo lifutwe, na lilifutwa ndani ya siku chache. Hoja iliyosikika zaidi ilikuwa ya fedha: serikali ilikuwa inatupa mapato yake kwa kuponda kitu ambacho kizima ni ghali zaidi. Tangu hapo kila mwenye pipa la kuoshea anajua kwamba biashara yake inategemea saini ya ofisa asiyemjua.

Je, inalipa? Kwa bastola, kwa maoni yangu, hailipi kuzidi kuoshwa. Shinikizo la .45 halizidi pauni 21,000 kwa inchi ya mraba, ganda lake halivutiki vya kutosha kuhitaji kukatwa, na kalibu ya kabidi haihitaji mafuta. Hapo nunua yaliyooshwa na kuchambuliwa, umalize mwenyewe. Kwa mtu anayepiga 5.56 kwa wingi, kulipia mbano uondolewe na urefu ukatwe ni fedha iliyotumika vizuri, mradi muhuri uwe mmoja na muuzaji awe tayari kusema maganda yametoka wapi. Kwa mlenga shabaha wa mbali, mzigo uliotayarishwa na mtu mwingine hauna maana hata ukiwa wa bei ya kutupa. Yeye anunue mapya, ya Lapua, au kama anajaza aina za zamani zisizopatikana tena kirahisi, ya Starline wa Sedalia, Missouri, kisha ayahesabu maisha yake mwenyewe tangu mara ya kwanza. Na muuzaji anayejibu swali la "yalipigwa na bunduki gani?" kwa kukutumia picha nyingine ya mng'ao, amekwisha kujibu.